Batri ao superkondensateri: tununue nini kwa nyumba zetu?



Swali moja linazunguka katika mikutano ya likelemba: zamu ijayo tununue batri, ao tununue kile kitu kipya ambacho wauzishaji wanaita superkondensateri, wakisema kwamba kinajaa kwa dakika moja na kwamba hakifi hata miaka 20? Swali hilo ni la maana. Feza tunazoweka pamoja ni feza za makala, za unga, za mikate na za kushona. Kikundi kikichagua vibaya, akiba ya mwaka mzima inapotea, na watoto wanarudi kusoma kwa mwanga wa buji.

Sisi tunaofundisha tumeombwa tueleze jambo hili kwa maneno ya nyumbani. Jibu letu fupi ni hili: kwa taa, radio, telefoni na firigo ndogo, nunueni batri. Superkondensateri ni chombo kizuri, lakini kazi yake ni nyingine. Jibu refu ndilo linalofuata, ili kila mama aweze kupima mwenyewe, bila kumtegemea mwuzishaji kwa maneno yake tu.

Mji wa umeme, na giza la jioni

Likasi si mji uliokosa umeme tangu mwanzo. Maji ya Lufira yanazungusha mashini za Mwadingusha tangu 1930, kisha kukajengwa Koni kwenye mto uleule, na baadaye Nzilo na Nseke kwenye Lualaba. Umeme huo ulitafutwa juu ya viwanda. Shituru, hapa kwetu, inasafisha shaba kwa nguvu ya umeme tangu 1929. Lakini migodi ni mingi na inakula sana, nyaya na mashini zimezeeka, na kila nyumba inajua delestaji ni nini: umeme unakatika saa ya kupika bukari, unarudi usiku wa manane wakati wote wamelala.

Kwa hiyo shida yetu ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kupata umeme, kutoka SNEL ao kutoka pano ya jua. Ya pili ni kuuchunga mpaka saa tunayouhitaji. Batri na superkondensateri vyote viwili vinachunga umeme, lakini kwa njia tofauti kabisa.

Njia mbili za kuchunga

Ndani ya batri, umeme unachungwa kwa kubadilisha vitu. Chukueni batri ya gari, ile ambayo Mfaransa Gaston Planté aliitengeneza mara ya kwanza mwaka 1859. Ndani yake kuna sahani za risasi, ndiyo ile plombe, zilizozama katika maji ya asidi. Batri inapotoa umeme, uso wa sahani hizo unageuka kuwa kitu kingine. Tunapoichaji, unarudi ulivyokuwa. Batri za litiyamu, ambazo kompanyi ya Sony ilianza kuuzisha mwaka 1991 na ambazo leo ziko ndani ya telefoni zetu, zinatumika kwa njia inayokaribiana na hiyo: chembe za litiyamu zinasafiri kutoka upande mmoja na kuingia ndani ya vitu vya upande mwingine, kisha zinarudi.

Kubadilisha vitu kunachukua wakati, kama vile bukari haiivi kwa kuombwa. Ndiyo sababu batri inachajiwa kwa saa nyingi. Tena, kila safari vitu vile vinavimba na kusinyaa, na kidogo kidogo vinaharibika. Ndiyo sababu batri inazeeka.

Superkondensateri, ambayo wengine wanaiita superkapasita, haibadilishi kitu. Ndani yake kuna vipande viwili vya makala laini sana, vilivyolowanishwa kwa maji yanayopitisha umeme. Tunapoichaji, chembe za umeme zinakwenda kujibandika juu ya uso wa makala, basi. Tunapoitumikisha, zinabanduka. Hakuna kinachoiva wala kinachooza. Kwa hiyo inajaa kwa sekunde ao dakika chache, na inaweza kufanya hivyo mara 500.000 na zaidi.

Wamama wanaouzisha makala watauliza: ni makala yetu haya ya mbabula? Ni ndugu yao, lakini yamepitia kazi nyingine. Mara nyingi yanatoka katika maganda ya nazi, na yanachomwa tena kwa joto kali pamoja na mvuke ao dawa mpaka yanajaa vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Gramu moja ya makala hayo, ukiikunjua vitundu vyake vyote, ina uso wa zaidi ya mita za mraba 1.000. Hicho ni kiwanja cha mita 25 kwa 40, ndani ya kijiko kimoja. Juu ya uso huo mkubwa ndipo umeme unakaa.

Pipa na beseni

Tukitaka kuona tofauti, tufikiri juu ya maji. Batri ni kama pipa la litri 200 lenye robine ndogo: linajaa polepole, linatoa polepole, lakini nyumba inakunywa juma zima. Superkondensateri ni kama beseni lenye mdomo mpana: unalijaza mara moja, unalimwaga mara moja, lakini haliwezi kunywesha nyumba hata siku moja.

Sasa tuweke hesabu, kwani mfano bila hesabu unaweza kudanganya. Umeme unaochungwa tunaupima kwa wati-saa. Taa ya wati 5 ikiwaka saa moja, imekula wati-saa 5. Kilo moja ya kila chombo inachunga hivi, kwa kawaida:

– batri ya risasi: wati-saa 30 mpaka 50;
– batri ya litiyamu na chuma (tutaieleza hapa chini): wati-saa 90 mpaka 160;
– batri ya litiyamu na kobalti ya telefoni: wati-saa 150 mpaka 250;
– superkondensateri: wati-saa 5 mpaka 10 hivi.

Tuchukue superkondensateri kubwa inayojulikana sana, ya faradi 3.000 na volti 2,7. Ina uzito wa nusu kilo hivi, kama kopo la maziwa. Watoto wa masomo ya ufundi wanajua hesabu yake: nusu ya 3.000, mara 2,7, mara 2,7 tena. Tunapata juli 10.935, ndiyo wati-saa 3 tu. Batri ya telefoni ya kawaida, ya gramu 60 hivi, inachunga wati-saa 15. Yaani kipande chembamba ndani ya mfuko wako kinashinda lile kopo mara tano.

Kuna matatizo mengine mawili. La kwanza, batri inashika volti zake karibu sawasawa mpaka inapokaribia kuisha, lakini volti za superkondensateri zinashuka tangu dakika ya kwanza. Zikifika nusu, robo tatu za umeme zimekwisha kwenda, na taa nyingi zimekwisha kufifia. La pili, superkondensateri inavuja: ukiijaza na kuiacha, baada ya siku chache ao majuma machache sehemu kubwa imepotea. Batri nzuri ya litiyamu inapoteza kidogo sana kwa mwezi mzima.

Hesabu ya nyumba moja

Tuseme nyumba ina taa 4 za wati 5, zinazowaka saa 5 kila jioni: hizo ni wati-saa 100. Radio ya wati 10 kwa saa 5: wati-saa 50. Telefoni 3 za kuchaji, kila moja wati-saa 15: zinafanya 45. Jumla ni 195, tuseme 200.

Kwa batri ya litiyamu na chuma, moja ya volti 12,8 na amperi-saa 20 inatosha: 12,8 mara 20 ni wati-saa 256. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuibeba.

Kwa batri ya risasi, tunahitaji karibu mara mbili, kwani ukiimaliza kupita nusu kila siku inakufa mapema. Ya volti 12 na amperi-saa 40 ina wati-saa 480, na nusu yake ni 240. Inatosha, lakini ni nzito zaidi ya kilo 10.

Kwa superkondensateri, 200 gawanya kwa 3: tunahitaji makopo 67, kilo zaidi ya 33, pamoja na vifaa vya kulinda volti za kila kopo. Na kwa kila wati-saa, bei yake ni mara nyingi kuliko batri. Hapo ndipo maneno ya "hakifi miaka 20" yanapokutana na mfuko wa mama. Chombo kinaweza kuishi miaka mingi, lakini hakitawasha nyumba yako mpaka saa tatu ya usiku.

Kuishi nako tukuhesabu. Batri ya risasi inayomalizwa sana kila siku inavumilia mara 300 mpaka 500 hivi, yaani mwaka mmoja ao mwaka na nusu. Batri ya litiyamu na chuma inavumilia mara 2.000 na zaidi, yaani zaidi ya miaka mitano ya kila jioni. Bei yake ya kwanza ni kubwa, lakini gawanya bei hiyo kwa idadi ya majioni, utaona ile ya bei ndogo mara nyingi ndiyo inayokula feza.

Mahali superkondensateri inaposhinda

Tusiitukane superkondensateri. Pale panapohitajika nguvu nyingi kwa muda mfupi, na kurudia mara maelfu, batri inachoka nayo inacheka. Huko Shanghai, katika nchi ya China, tangu 2006 kuna mabasi yanayotumikisha superkondensateri: basi linasimama kwenye kituo, linachaji wakati abiria wanapanda na kushuka, kisha linafika kituo kinachofuata. Treni za mjini zinaitumikisha kukamata nguvu ya freni, ambayo ingepotea kuwa joto, na kuirudisha wakati wa kuondoka. Malori makubwa yanaweza kuitumikisha kwa kuwasha motere. Mahali pengine inakaa karibu na batri na kuisaidia: yenyewe inapokea mshtuko wa kwanza, batri inaendelea na safari.

Kwa hiyo kama mume wako ni fundi wa malori, ao kama kikundi chenu kina mashini yenye motere inayovuta sana wakati wa kuanza, superkondensateri pamoja na batri inaweza kuwa na maana. Peke yake, kwa taa za usiku, hapana.

Usalama wa watoto

Jambo hili tunaliweka juu ya bei. Batri ya risasi ina sumu inayopenda watoto. Risasi ikiingia mwilini, kwa vumbi ao kwa mikono inayoenda mdomoni, inaharibu ubongo unaokua, na ubongo huo haurudi ulivyokuwa.

Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar katika nchi ya Senegal, watu walikuwa wakichekecha udongo wa batri za zamani ili wauzishe risasi. Kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, watoto 18 walikufa. Huko Mombasa, katika nchi ya Kenya, kiwanda cha kuyeyusha batri kilikuwa karibu na mtaa wa Owino Uhuru. Mama mmoja aliyetumika hapo, Phyllis Omido, aliona mtoto wake mchanga anaugua, na damu yake ilipopimwa ilikutwa na risasi. Alikusanya wamama wengine, wakadai haki miaka mingi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na Julai 2020 mahakama iliamua wakaaji walipwe shilingi za Kenya bilioni 1,3. Ni ushindi mkubwa, lakini hakuna feza inayotoa risasi katika ubongo wa mtoto.

Kwa hiyo, wamama: batri ya risasi iliyokufa isipasuliwe kiwanjani. Asidi yake isimwagwe kwenye bustani. Ganda lake lisiwe chombo cha maji ao cha kuku. Unaponunua mpya, muulize mwuzishaji kama anapokea ya zamani. Inapochajiwa inatoa gazi inayoweza kuwaka, kwa hiyo ikae mahali penye hewa, mbali na mbabula.

Batri za litiyamu nazo zina hatari yake. Iliyovimba isitumikishwe tena, isitobolewe, isichajiwe juu ya kitanda ao chini ya mto. Ya litiyamu na chuma inavumilia joto kuliko ile ya telefoni, na hiyo ni sababu nyingine ya kuichagua kwa nyumba. Superkondensateri haina risasi, lakini ikigusishwa chuma pande mbili inamwaga umeme wake wote kwa mara moja: pete kidoleni inaweza kuchoma mpaka nyama.

Na kobalti yetu?

Hapa kuna jambo gumu, na hatutalificha. Batri ya telefoni inatumikisha kobalti. Ni John Goodenough na wenzake, mwaka 1980 huko Oxford katika Uingereza, walioonyesha kwamba kobalti inaweza kushika litiyamu vizuri. Mwaka 2019 yeye, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa tuzo ya Nobel juu ya kazi hiyo ya batri. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, na sehemu kubwa ya hiyo inatoka Katanga yetu. Nyumba nyingi za Likasi zinakula kwa mshahara wa migodi na viwanda, ao kwa kuosha mawe mtoni.

Lakini batri tunayowashauri kununua, ya litiyamu na chuma, haina kobalti hata gramu moja: ina chuma na fosfati. Makala ya superkondensateri nayo hayana. Yaani mama anayechagua vizuri kwa nyumba yake, anachagua kitu ambacho hakinunui jiwe la mume wake. Na dunia nzima inafanya hesabu ileile. Bei ya kobalti ilishuka sana, mpaka serikali yetu ilisimamisha kuiuzisha inje mwezi wa pili wa 2025, kisha kuanzia mwezi wa kumi ikaruhusu kwa kipimo.

Je, tununue batri yenye kobalti ili kusaidia migodi? Hapana. Batri moja ya nyumba haibadilishi bei ya dunia, lakini inabadilisha jioni za watoto wako. Linalotuhusu zaidi ni kwamba jiwe linaweza kukosa mnunuzi, lakini anayejua kinachofanyika ndani ya batri hatakosa kazi upesi. Motere zitaendelea kuchakaa, pano zitaendelea kuwekwa, batri zitaendelea kupimwa na kutengenezwa. Kemia na umeme si masomo ya wavulana tu. Msichana anayepiga hesabu ya wati-saa leo anaweza kuwa fundi wa mtaa mzima kesho.

Mbele ya kutoa feza

Kwanza, andikeni kila kitu mnachowasha jioni, wati zake na saa zake, mzidishe, mjumlishe. Mkiwa na firigo, iandikeni peke yake, kwani inakula kuliko vyote.

Pili, kwenye batri yoyote, tafuteni volti na amperi-saa, mzidishe. Kama imeandikwa miliamperi-saa, gawanyeni kwanza kwa 1.000. Mwuzishaji asiyeweza kuonyesha namba hizo, mwacheni.

Tatu, ishikeni mkononi. Hata batri nzuri ya litiyamu haipiti wati-saa 300 kwa kilo. Boksi yenye uzito wa sabuni mbili inayojisifu wati-saa 1.000 inadanganya, iwe imeandikwa batri ao superkondensateri.

Nne, hakikisheni kwamba regilateri ya pano inafaa kwa aina ya batri mnayonunua. Ile iliyowekwa juu ya risasi inaweza kuharibu litiyamu.

Tano, ombeni karatasi ya garanti yenye tarehe, na ichungwe na mwandishi wa kikundi, si na mtu mmoja nyumbani kwake.

Kila kikundi kilete karatasi yake ya hesabu kwenye mkutano wa juma lijalo. Tutazisoma pamoja mbele ya mtu yeyote kutoa franka hata moja.